MAMBO YA NYUMBANI: KITI CHA CHUMA KABLA HAKIJAVISHWA

Zamani mtu wa Kakamega alipotaka kiti cha kuegemea alikwenda kwa seremala, akachagua mbao, akatoa arubuni, akangoja. Siku hizi huenda kwa fundi wa vyuma akiwa na picha katika simu yake. Picha hiyo huonyesha kiti cha mikono kilichoundwa kwa bomba jembamba la chuma, lililopakwa rangi nyeusi au ya dhahabu, chenye mto mnene wa mahameli na miguu iliyo myembamba hata mtazamaji hujiuliza uzito wa mwili hubebwa na nini. Huenda kiti chenyewe kilipigwa picha katika nyumba ya Milan au Copenhagen. Fundi huitazama picha, huikuza kwa vidole viwili, hutikisa kichwa kwa kukubali, kisha hutaja bei. Kuanzia hapo wanunuzi wengi hufikiri kwamba kazi yao imekwisha, ila kulipa tu. Kumbe hapo ndipo ingefaa ianze.

Sababu za chuma kuingia sebuleni ni kadha wa kadha, lakini iliyo kubwa ni mbao. Watu wa sehemu hizi walizoea viti vya mvule, vizito kama jiwe la kusagia, ambavyo baba aliviacha na mwana akavirithi. Lakini msitu wa Kakamega umo katika ulinzi wa Serikali tangu mwaka 1933, na mwaka 1985 sehemu yake ya kaskazini ikafanywa hifadhi ya taifa. Mvule wa mashambani nao umepungua, maana mti ule huchukua miaka mingi kukomaa, na mkulima mwenye karo ya kulipa mwezi wa Januari hawezi kuungoja. Kisha mwezi wa Februari, 2018, Serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma. Marufuku hiyo ilidumu zaidi ya miaka mitano, mpaka Rais William Ruto alipotangaza mwezi wa Julai, 2023, kwamba imeondolewa, na hata hapo shauri likafika mahakamani. Katika miaka hiyo bei ya mbao ilipanda, na maseremala wengi wakajifunza kushika mashine ya kuchomelea.

Mtu asidhani kwamba chuma ni mali ya bure kwa sababu hakioti shambani. Kwa sehemu kubwa chuma chetu huingia nchini kwa meli, kikiwa bapa lililovingirishwa kama mkeka, kisha viwanda vya Nairobi, Mombasa na kwingineko hulikata na kulikunja kuwa mabomba ya mviringo na ya mraba. Kwa hiyo bei yake hufuata bei ya dola na nauli ya meli. Jambo hili lakumbukwa hapa kwa sababu ndilo kiini cha maafikiano baina ya mnunuzi na fundi. Bei ya bomba haipunguzwi kwa maneno matamu. Ikipunguzwa, kuna kitu kingine kilichopunguzwa pamoja nayo.

Kiti cha mikono chenyewe si kitu kigeni katika Afrika ya Mashariki. Huko pwani, Lamu na Pate na Unguja, mafundi wa zamani waliunda kiti cha enzi kwa mpingo, wakakipamba kwa vipande vya pembe za ndovu au mfupa, wakafuma nyuzi mahali pa kukalia na pa kuegemea. Kilikuwa kirefu wima, chenye pahali pa kuweka miguu, na hakikukaliwa na kila mtu. Kilikuwa cha mwenye cheo au mgeni wa heshima. Basi desturi ya kumpa mtu heshima kwa kumpa kiti chenye mikono ni ya kwetu pia. Kilicho kigeni ni ule wembamba wa mifupa yake, na huo ulitoka katika baiskeli.

Mwaka 1925 kijana mmoja Mhungari, jina lake Marcel Breuer, alikuwa akifundisha useremala katika chuo cha Bauhaus mjini Dessau, Ujerumani. Alinunua baiskeli ya Adler, akajifunza kuipanda, na alipokuwa akiutazama usukani wake uliopindwa kama pembe za ng'ombe, akawaza: ikiwa bomba jepesi namna hii laweza kupindwa bila kupasuka na kumbeba mtu juu ya mawe, kwa nini lisifanye kiti? Akatafuta mabomba ya chuma, akayapinda, na kwa kuwa yeye alikuwa seremala asiyejua kuunganisha vyuma, akasaidiwa na fundi wa mabomba ya maji. Mwaka uliofuata Mholanzi Mart Stam alitengeneza kiti kisicho na miguu ya nyuma kwa kuunganisha vipande vya mabomba ya gesi. Mwaka 1927 viti vya namna hiyo vilionyeshwa mjini Stuttgart, na tangu hapo havikurudi nyuma. Viti vinavyouzwa leo kwa bei kubwa kama kazi za wabunifu mashuhuri vilianza, basi, kwa baiskeli na fundi wa mabomba. Mtu wa Kakamega, ambako baiskeli imebeba gunia la mahindi, kreti za soda, mgonjwa na bibi harusi, hana haja ya kuelezwa zaidi nguvu ya bomba.

Lakini nguvu hiyo ina masharti. Bomba hubeba kwa sababu chuma chake kimekaa pembeni, mbali na katikati, kama unyasi wa mwanzi unavyosimama katika upepo ambao ungevunja kijiti kilichojaa cha uzito uleule. Ukipunguza unene wa ukuta wake kupita kiasi, bomba halitoi onyo. Husimama vizuri siku zote mpaka siku linapojikunja mara moja, hasa penye kiungo. Unene huo mafundi huupima kwa geji, na hapa wanunuzi wengi hudanganyika wenyewe, maana geji huhesabiwa kinyume: namba ikiwa kubwa, chuma ni chembamba. Geji 16 ni unene wa milimita 1.6 hivi, geji 18 ni 1.2, na geji 20 ni 0.9 tu. Kwa kiti cha mikono cha mtu mzima, bomba la mraba la inchi moja la geji 18 halifai kupunguzwa, na miguu ya nyuma ingefaa iwe ya geji 16. Geji 20 ni ya meza ya kuwekea maua.

Mkulima anaweza kuyajua haya bila chombo chochote cha kigeni, kwa mizani ileile ya kupimia mahindi. Bomba la mraba la inchi moja, lenye urefu wa meta 6, likiwa la geji 18 lina uzito wa karibu kilo 5 na nusu. La geji 16 hupita kilo 7. La geji 20 halifiki kilo 4 na robo. Aliyebeba gunia maisha yake yote atalijua hata kwa mkono, akiliinua moja baada ya jingine.

Mfano utakaofaa ni wa mwalimu mmoja mstaafu wa upande wa Shinyalu, ambaye kwa kweli angeweza kuwa mstaafu yeyote. Amepokea sehemu ya malipo yake ya uzeeni. Nyumba ameiezeka upya. Sasa wageni wa posa wa binti yake watakuja mwezi wa Desemba, na mkewe amesema wazi kwamba wakwe hawataketishwa juu ya makochi yaliyotoka misumari. Picha ya kiti imeletwa na binti mwenyewe. Basi wazee hao wawili wanashuka kwenye matatu kando ya barabara, mbele ya kibanda cha fundi, ambapo viti vitatu vimepangwa uani vikiwa bado katika nailoni.

"Mulembe, fundi."

"Mulembe, Mwalimu. Karibu, Mama. Ketini."

"Tuketi wapi, na viti vyote umevifunga kama mkate?"

Fundi anacheka, anakivua kimoja nailoni. Mama anaketi. Kiti kinampokea vizuri mno, kwa maana anazama hata magoti yake yanakuwa juu kuliko mapaja. Anasifu ulaini wa mahameli. Kisha anataka kuinuka, naye hawezi. Anashika mikono ya kiti, lakini mikono yenyewe ni mifupi, imeishia nyuma ya mahali ambapo mtu huweka nguvu. Anajaribu mara ya pili, ndipo mumewe anampa mkono.

"Sasa, Mwalimu," anasema akijifuta mavumbi ambayo hayapo, "mkwe wangu anikute nimekwama humu kama ng'ombe ndani ya tope? Ataniinua nani? Yeye desturi haimruhusu kunishika mkono."

Wasiojua desturi za Waluhya wafahamu kwamba mama mkwe na mkwe wake wa kiume huheshimiana kwa kutengana, wala kwa mila ya zamani hawapeani mikono. Mahali palipo na heshima ya namna hiyo, kiti kisichomwachia mama kuinuka kwa nguvu zake mwenyewe ni aibu iliyonunuliwa kwa pesa taslimu. Wala jambo hili si la siku ya posa tu. Mtu wa miaka sabini huinuka kitini mara nyingi kwa siku, na kila mara huinuka kwa magoti, ambayo ndiyo yamechoka.

Viti vya picha huwa vya chini kwa sababu vilichorwa kwa vijana wanaopenda kujinyosha, na wapiga picha nao hupenda chumba kionekane kirefu kwenda juu. Kiti cha inchi 14 kutoka sakafuni hupendeza machoni. Kwa mzee, inchi 17 au 18 ndizo zinazofaa, zikipimwa juu ya mto baada ya mtu kuukalia na si kabla, kwa sababu mto hushuka inchi moja au mbili. Kipimo cha kweli hakimo katika kitabu. Kimo katika mguu wa mwenye kiti, kutoka chini ya kisigino mpaka kwenye kikunjo cha nyuma ya goti, akiwa amevaa viatu avaavyo nyumbani. Kina cha kiti nacho kisizidi paja lake: akiegemea, vidole viwili au vitatu vipite kati ya ukingo wa mto na goti. Mikono ya kiti ifike mbele, ili kiganja kipate mahali pa kusukuma. Fundi aliyezoea kazi hushangaa kidogo anapoona mteja amekuja na kamba yenye mafundo badala ya picha, lakini hufurahi pia, maana kamba haina ubishi.

Turudi uani. Mwalimu hakuwa amesema neno. Alikuwa amekipindua kiti kingine na kuchungulia chini.

"Fundi, nataka nikione kiti kabla hakijavaa nguo."

"Mwalimu, kiti uchi hakina uzuri."

"Mtoto naye huzaliwa uchi, na hapo ndipo mkunga humkagua. Akishavishwa, kila mtu husema amefanana na babaye."

Fundi anamwongoza ndani ya kibanda, ambako viunzi vinne vimesimama bila rangi. Katika viwili viungo vimechomelewa kuzunguka pande zote nne, na mstari wa kuchomelea unaonekana umevimba kidogo kama kovu lililopona. Katika viwili vingine viungo ni laini kama kioo. Mtu asiyejua angevichagua hivyo laini. Mwalimu anakwaruza kimoja kwa ufunguo wa nyumba yake, na chini ya ulaini huo unatoka unga wa kijivu. Ni ule udongo wa kuzibia mabati ya magari yaliyogongwa, ambao mafundi huuita filla. Chini ya filla kuna matone mawili tu ya kuchomelea, na baina yake nafasi ya kupitisha wembe.

Hapa yafaa kueleza, kwa sababu udanganyifu mwingine si wa makusudi. Mteja apendaye kiti cha picha hapendi kuona kovu la kiungo, kwa kuwa katika picha halionekani. Basi fundi huchukua mashine ya kusagia, akalisawazisha kovu mpaka likawa sawa na bomba. Lakini kovu lile ndilo lililoshika. Akilisaga lote, amekiondoa kiungo chenyewe na kuacha utando mwembamba wa chuma, kisha huupaka filla ili upendeze. Kiti cha namna hiyo hubeba mtoto, hubeba hata mtu mzima akikaa wima. Siku mgeni mwenye kilo 90 atakapojitupa nyuma akicheka, mgongo wa kiti huwa kama mpini mrefu wa jembe, na nguvu yote ya mpini huo hukusanyika katika kiungo kimoja kilicho kati ya egemeo na mguu wa nyuma. Hapo ndipo hukatika, tena ghafula, na chuma kilichokatika kina makali. Ukingo wa mbele wa kiti waweza kusagwa ukawa laini, maana haubebi sana. Kiungo cha nyuma kiachwe na kovu lake, nacho kwa bahati njema kimefichwa na mto.

Mwalimu hakugomba. Aliuliza tu, "Hiki ulikuwa umuuzie nani?"

Naye fundi alijibu jibu linalostahili kusikilizwa na kila mnunuzi. "Mwalimu, nikikutajia bei ya kiti cha geji 16 utaondoka, utakwenda kwa jirani. Yeye atakutajia nusu, nawe utamshukuru. Mtu huja na picha ya kiti cha mfalme na pesa za stuli. Nami nina watoto. Nifanye nini?"

Hakuwa amesema uongo. Kazi hii ya jua kali ina jina lililotokana na mafundi kufanya kazi bila paa. Taarifa ya Shirika la Kazi Duniani juu ya Kenya, iliyotolewa mwaka 1972, iliwaonyesha wakubwa kwamba watu hawa si wavivu waliokosa ajira bali ni wazalishaji wa mali. Mwaka 1985 Rais Moi alipowatembelea wale wa Kamukunji, Nairobi, ahadi ya kujengewa vibanda ikafuata. Wengine hujifunza vyuoni, kama vijana wa Sigalagala, kusini mwa mji kwenye barabara ya Kisumu, na wengine hujifunza kwa kumshikia fundi mkubwa bomba mpaka macho yawashe. Lakini awe wa chuo au wa kibandani, fundi hulipwa kwa kiti kinachoonekana. Hakuna mteja aliyepata kumwongeza shilingi kwa ajili ya kiungo kilicho chini ya mto. Mteja anayeshusha bei bila kuuliza geji huwa amemwagiza fundi apunguze chuma, ingawa hakulitamka neno hilo.

Kwa hiyo wakakubaliana namna nyingine. Mwalimu alitoa daftari. Yakaandikwa: viti viwili, miguu ya nyuma na kiunzi cha egemeo geji 16, sehemu nyingine geji 18, viungo vyote kuchomelewa pande zote, hakuna filla katika viungo vya kubeba, kiti cha Mama kiwe inchi 17 na nusu juu ya mto ukiwa umekaliwa, cha Mwalimu 18, viunzi vitazamwe kabla ya kupakwa rangi. Arubuni nusu siku hiyo, robo siku ya kutazama viunzi, robo iliyobaki siku ya kuvichukua. Fundi akatia sahihi, na bei ikapanda. Ilipanda kwa kiasi ambacho kilimfanya Mama aitazame barabara kwa muda mrefu bila kusema. Baadaye yeye ndiye aliyesema wapunguze viti vya wageni vya plastiki vya kukodi, kwa kuwa jirani anavyo.

Upande wa rangi una maneno yake. Kakamega hupata mvua ya kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka, na hewa yake mara nyingi ni ya unyevu hata jua likiwaka. Bomba linapotoka kiwandani huwa na mafuta mepesi juu yake, na rangi ikipakwa juu ya mafuta hayo hukauka vizuri, hung'aa vizuri, na baada ya miezi michache hubanduka kama ganda la kitunguu. Yapasa bomba lifutwe kwa petroli au maji ya kupunguzia rangi, likwanguliwe kwa msasa, lipakwe rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, ndipo ije ile ya urembo. Kipakwe kikavu, si mchana ambapo mawingu yanapanda kutoka upande wa Nandi. Rangi ya dhahabu ya kupuliza ni dhaifu kuliko nyeusi, na huanza kutoka pale mkono unapotoa jasho. Wenye busara huomba kipande chembamba cha ubao juu ya mikono ya kiti. Ubao hauwi baridi asubuhi, hautoki rangi, na seremala naye hupata chakula.

Kutu ya nje huonekana na kupigwa msasa. Iliyo mbaya ni ya ndani. Mguu wa bomba ukiachwa wazi chini, kila siku sakafu inapopigwa deki maji huingia humo, na bomba huliwa kutoka ndani huku rangi ya nje ingali inang'aa. Tiba yake ni kofia ndogo ya plastiki au mpira kwa kila mguu, kitu cha bei ndogo mno, nacho pia huzuia mguu usikwaruze saruji. Katika nyumba ya sakafu ya udongo kofia haitoshi. Mguu mwembamba huzama kama kisigino cha kiatu cha bibi harusi. Huko fundi achomelee kipande cha bapa, cha inchi mbili kwa mbili, chini ya kila mguu, au aunganishe miguu miwili ya kila upande kwa bomba la kulala, kama telezi.

Mto nao haufai kupitwa haraka, lakini habari zake ni fupi: sponji nzuri ni nzito. Atakayeikandamiza kwa goti akalihisi fremu, na aiache. Chini ya sponji pawe na mikanda ya mpira iliyofumwa kama kitanda cha kamba, tena ikazwe, kwa sababu ikilegea kiti cha inchi 18 huwa cha 15 kabla ya mwaka kwisha, na magoti ya Mama yanarudi pale pale.

Liko pia swali ambalo wazee wa Kakamega huuliza kwa sauti ya chini, nalo si la kuchekwa katika nchi ambayo radi hupiga alasiri baada ya alasiri: je, mtu akiweka chuma kingi sebuleni, haiti radi? Haiti. Radi hufuata kilicho kirefu, kilichochongoka na kilichosimama peke yake, kama mkaratusi ulio uani, wala haijali kiti kilichomo ndani kimeundwa kwa nini. Kinachofaa kuogopwa wakati wa ngurumo ni kugusa vyombo vilivyounganishwa na nyaya za umeme au mabomba ya maji yatokayo nje. Mwenye kiti cha chuma na akae kitini kwake, mbali na ukuta wenye nyaya, amalizie chai yake.

Viunzi vya Mwalimu vilikuwa tayari wiki ya tatu. Alikwenda na ufunguo wake akakwaruza kila kiungo, naye fundi akasimama kando bila kuudhika, kwa maana safari hii hakuwa na la kuficha. Mama aliketi juu ya kiunzi kitupu, juu ya gunia lililokunjwa badala ya mto, akaweka viganja mbele ya mikono ya kiti, akainuka. Akaketi tena, akainuka tena. Mara ya tatu alimwambia fundi aongeze nusu inchi.

Viti vilipofika Shinyalu vilikuwa vyeusi, vyembamba, vya mahameli ya kijani kibichi, na binti akavipiga picha dirishani kabla mtu hajavikalia. Alipotoka kwenda kuipeleka picha kwa marafiki zake, mama yake alifungua kabati, akatoa vitambaa vyeupe alivyovifuma kwa mkono, kimoja cha mgongo na viwili vya mikono kwa kila kiti, akavitandika vyote.